Mafunzo mafupi nje ya nchi kwa mwanafunzi wa afya: wodini, utafiti, kozi fupi au huduma kwa jamii?

Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia au fiziotherapia akisema anakwenda kusoma nje kwa wiki chache, watu humuuliza anakwenda nchi gani. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni anakwenda kufanya nini, kwa sababu wiki nne za kufuata raundi wodini na wiki nne za kusafisha takwimu za utafiti ni safari mbili tofauti kabisa, hata kama hospitali na ofisi ya utafiti zimo ndani ya ua mmoja. Nimewasaidia wanafunzi kuandaa maombi ya aina hii, na wale wanaorudi wamevunjika moyo mara nyingi hawana ugomvi na nchi waliyokwenda. Walipata nafasi isiyolingana na mwaka wao wa masomo, au iliyowapa kitu tofauti na walichokifuata.

Kwa hiyo ulinganisho huu haulinganishi nchi. Unalinganisha aina nne za safari.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni mafunzo ya hiari wodini. Unapangiwa idara, kama upasuaji, watoto au afya ya akili, na unakuwa chini ya mtaalamu mwenyeji kwa wiki nne hadi nane. Ya pili ni utafiti mfupi: unajiunga na timu ambayo tayari ina mradi unaoendelea na unakabidhiwa kipande chako, maabara au kwenye kompyuta. Ya tatu ni kozi fupi ya kina, ambayo wengi huiita shule ya kiangazi, yenye mihadhara, mazoezi ya ujuzi na kazi za vikundi kwa wiki moja hadi nne. Ya nne ni safari ya huduma kwa jamii, yaani kliniki tembezi, upimaji wa shinikizo la damu na sukari, elimu ya afya shuleni na mambo kama hayo, kwa kawaida ikiandaliwa na shirika au chama.

Milango ya kuingilia ni mingi. IFMSA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa mwaka 1951, lina mpango mmoja wa kubadilishana wanafunzi wodini na mwingine wa utafiti. Wanafunzi wa famasia wana shirikisho lao la kimataifa, IPSF, lililoanza mwaka 1949, na lenyewe lina mpango wake. Ndani ya Erasmus+, mpango wa elimu na ubadilishanaji wa Umoja wa Ulaya, kuna mafunzo kwa vitendo ya kuanzia miezi miwili, na kuna programu fupi zinazochanganya masomo ya mtandaoni na siku 5 hadi 30 za kuwepo chuoni ana kwa ana. Na kuna vyuo ambavyo vina makubaliano yao wenyewe kwa wenyewe. Mara nyingi njia hii ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini wanafunzi huisahau kwa sababu haitangazwi sana. Anza kwa kuuliza ofisi ya chuo chako inayoshughulikia ushirikiano wa kimataifa.

Vigezo

Nimechagua vigezo sita: utaruhusiwa kufanya nini hasa, lugha, maandalizi ya mapema, gharama, chuo chako kitahesabu nini utakaporudi, na wenyeji wanabaki na nini. Havina uzito sawa. Cha kwanza na cha mwisho ndivyo ninavyovijali zaidi, na ndivyo vinavyosahaulika zaidi kwenye fomu za maombi.

Utaruhusiwa kufanya nini

Wodini, matarajio na hali halisi huachana mapema. Mwanafunzi aliyezoea kutoa damu, kufunga vidonda na kuchukua historia ya mgonjwa peke yake anaweza kufika hospitali ya nje akaambiwa akae nyuma na atazame. Hii haina maana kwamba wamemdharau. Katika nchi nyingi, kumgusa mgonjwa kunahitaji usajili, bima ya dhima ya kitaaluma (inayolipia madhara ukimkosea mgonjwa) na idhini ya maandishi ya hospitali. Kanuni za viza nazo huingia: Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa udaktari anaweza kuingia kama mgeni wa muda mfupi kufanya mafunzo ya hiari, ilimradi hayana malipo na hatibu wagonjwa. Marekani, mwanafunzi wa udaktari wa chuo cha nje anaweza kutumia viza ya B-1 kwa mafunzo ya wodini katika hospitali ya chuo cha udaktari, pia bila malipo. Kabla hujalipa chochote, uliza kwa maandishi: nitatazama tu, au nitashiriki chini ya usimamizi? Jibu likiwa "itategemea", omba jina la cheo cha mtu atakayeamua.

Kutazama tu hakumaanishi umepoteza safari, mradi unajua unatazama nini. Chukua orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008. Ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchanja ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Simama pembeni uone nani anaisoma kwa sauti. Je, muuguzi akisema idadi ya pamba haijalingana, daktari bingwa anasimama au anaendelea kushona? Je, kila mtu anajitambulisha kwa jina, au wanaruka kipengele hicho kwa kuwa "tunafahamiana"? Ukitazama hivyo kwa wiki kadhaa, unajifunza jinsi timu inavyozungumza, na hilo huwezi kulipata kwenye kitabu. Ukienda bila swali, utaona migongo ya watu waliovaa kijani.

Kwenye utafiti, mipaka ni ya aina nyingine. Hakuna utafiti wa maana unaohusisha wagonjwa unaoweza kubuniwa, kupata kibali cha kamati ya maadili, kukusanya takwimu na kuchambuliwa ndani ya wiki sita. Kibali peke yake huweza kuchukua miezi. Kwa hiyo utakachofanya ni sehemu ya kazi ya wengine: kuchuja ikisiri za makala kwa ajili ya mapitio ya kimfumo, kuingiza taarifa za mafaili kwenye REDCap (programu ya kukusanya takwimu za utafiti), kuandika msimbo mdogo kwenye R (programu ya kuchambua takwimu), au kujifunza mbinu moja ya maabara hadi uifanye bila kusimamiwa. Hiyo ni kazi halali na yenye faida kubwa. Tatizo huja pale mwanafunzi anapoahidiwa, au anapojiahidi mwenyewe, kwamba jina lake litatokea kwenye makala. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu inataka mwandishi atimize masharti manne yote kwa pamoja: mchango mkubwa kwenye kazi, kushiriki kuandika au kuhariri andiko, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Wiki nne za kuingiza takwimu hazitoshi. Kinachowezekana ni kutajwa kwenye shukrani, au kuendelea na timu kwa mbali ukirudi hadi ufikie kiwango hicho.

Kozi fupi ndiyo inayotimiza ahadi zake kwa urahisi zaidi, kwa sababu ahadi zenyewe ni ndogo. Ratiba unaiona kabla hujaondoka. Utashona ngozi ya bandia, utamfufua mdoli, utajadili kisa cha mlipuko wa ugonjwa na wenzako. Hutakutana na mgonjwa, au utakutana naye kwa ziara ya nusu siku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili anaweza kujifunza mengi hapa kuliko wodini, ambako asingeelewa nusu ya mazungumzo.

Huduma kwa jamii ndiyo yenye hatari kubwa upande huu, na nitasema wazi. Katika njia tatu zilizotangulia kosa la kawaida ni mwanafunzi kufanya machache kuliko alivyotaka. Hapa kosa ni kufanya mengi kuliko anavyoruhusiwa. Foleni ni ndefu, wataalamu ni wachache, na mtu aliyevaa koti jeupe anaaminiwa. Unajikuta unaombwa kung'oa jino, kuzalisha au kuandika dawa wakati nyumbani bado husimami bila msimamizi. Kuvuka mpaka wa nchi hakuongezi ujuzi wa mtu. Kipimo ni chepesi: kama huruhusiwi kulifanya chuoni kwako kwa mwaka uliopo, huruhusiwi kule pia, hata mgonjwa akikubali, hata kiongozi wa msafara akisema hakuna shida.

Ukiwa na mpango mzuri, lakini, njia hii hukufundisha kitu ambacho hospitali kubwa haiwezi: unamwona mgonjwa kabla hajawa mgonjwa wa hospitali. Unaona umbali anaotembea, nani nyumbani anaamua kama atatibiwa, kwa nini dawa ya shinikizo iliisha wiki ya pili na hakurudi.

Lugha

Lugha inakata kwa ukali tofauti. Kwenye utafiti na kozi fupi, lugha ya kazi huwa moja inayotangazwa tangu mwanzo, na mara nyingi inatosha. Wodini mambo ni mawili: lugha ya raundi na lugha ya mgonjwa. Daktari anaweza kukufafanulia kwa Kiingereza dakika mbili kando ya kitanda, kisha dakika kumi na tano zinazofuata za mazungumzo na mgonjwa zikakupita zote. Katika afya ya akili, tiba ya usemi na afya ya jamii, bila lugha ya mgonjwa umebaki na ishara. Katika patholojia, radiolojia au chumba cha upasuaji hasara ni ndogo. Kama hujui lugha ya wenyeji, acha idara ichaguliwe na ukweli huo, hata kama ndoto yako ni nyingine.

Kuna lugha nyingine ya ndani ya lugha, ya vipimo na majina ya dawa, na hii ni suala la usalama. Sukari ya 5.5 kwa milimoli kwa lita ni takriban 99 kwa miligramu kwa desilita. Unazidisha kwa 18. Kreatinini ya miligramu 1 kwa desilita ni mikromoli 88.4 kwa lita. Parasetamoli kwingine ni asetaminofeni, adrenalini ni epinefrini, salbutamoli ni albuteroli. Andika jedwali lako dogo kabla ya kuondoka, liwe mfukoni siku ya kwanza. Haya yanawahusu wa wodini na wa huduma kwa jamii, na mfamasia zaidi ya wote.

Maandalizi ya mapema

Wengi hushtuka hapa. Wodini ndiyo njia inayodai maandalizi marefu kuliko zote, na chanjo peke yake zinaweza kukuondoa kwenye orodha. Chanjo ya homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu: mwanzo, mwezi wa kwanza, mwezi wa sita. Kisha hospitali nyingi hutaka kipimo cha kingamwili mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, kiwango kikiwa angalau 10 mIU/mL. Hesabu mwenyewe: kama hujaanza, unahitaji miezi saba au nane. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu husomwa baada ya saa 48 hadi 72, na chanjo hai kama ya surua inaweza kukidanganya. Kipimo na chanjo vifanywe siku moja, au ngoja wiki kadhaa baada ya chanjo, na umweleze muuguzi wa chanjo mpango wako mzima asije akakupanga vibaya. Cheti cha homa ya manjano, pale kinapohitajika, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na tangu mwaka 2016 ni cha maisha.

Liko jambo ambalo fomu hazikuulizi. Ukichomwa na sindano iliyotumika, dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanza haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72, na zinamezwa siku 28. Siku 28 ni sawa na mafunzo yako yote ya wiki nne. Je, hospitali mwenyeji itakupa dawa hizo? Nani analipa? Ukirudi katikati ya dozi, utaendelea kuzipata wapi? Majibu haya uyapate kabla ya tiketi. Kwa anayekwenda kwenye huduma kwa jamii, mbali na hospitali, swali ni zito zaidi, kwa kuwa safari ya kufikia dawa inaweza kula sehemu ya saa hizo 72. Shirika lisilo na jibu la papo hapo halijajiandaa kupokea wanafunzi.

Kwa utafiti, maandalizi ni ya karatasi: cheti cha mafunzo ya maadili ya utafiti, makubaliano ya kutunza siri, na jina lako kuongezwa kwenye kibali kilichopo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni kali ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika tangu mwaka 2018, na kwa kawaida hutaruhusiwa kuondoka na takwimu za wagonjwa kwenye kompyuta yako. Maana yake ni kwamba uchambuzi usipoisha ukiwa kule, huenda usiishe kabisa. Panga wiki ya mwisho iwe ya kuandika, usiiache iwe ya kukusanya.

Kozi fupi inadai kidogo: barua, malipo, viza. Kuhusu viza yenyewe, nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, huruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180 kwa viza ya muda mfupi, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Lakini viza kukuruhusu kuingia ni jambo moja, na kukuruhusu kufanya mafunzo hospitalini ni jambo jingine. Uliza ubalozi kwa kutaja shughuli yenyewe, na usiridhike na kusema "masomo".

Gharama

Nitapita haraka, kwani bei hubadilika, ila muundo wa gharama haubadiliki sana. Wodini kuna ada ya maombi, wakati mwingine ada ya idara, bima mbili (ya afya na ya dhima), chanjo na vipimo. Mipango ya kubadilishana ya vyama vya wanafunzi hupunguza mzigo, kwa kuwa kwa kawaida mwenyeji hutoa malazi na angalau mlo mmoja kwa siku, na wewe au chama chenu mnampokea mwingine. Utafiti mara nyingi hauna ada, na ndiyo njia yenye nafasi nzuri zaidi ya kupata posho au ufadhili mdogo. Kozi fupi ina ada moja kubwa inayojulikana mapema, jambo linalomsaidia anayeomba ufadhili, maana anaweza kuambatisha ankara. Huduma kwa jamii inatofautiana mno: zipo safari za bei nafuu za vyama, na zipo za mashirika yanayotoza fedha nyingi. Kwa hizo za pili, omba mchanganuo. Unataka kujua ni kiasi gani kinafika kwa kituo cha afya kinachokupokea na kiasi gani kinabaki kwa mwandaaji.

Chuo chako kitahesabu nini

Mwanafunzi wa uuguzi ana sababu ya kulitazama hili kwa makini kuliko wa udaktari. Elimu ya uuguzi huhesabiwa kwa saa. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2005 kuhusu utambuzi wa sifa za kitaaluma linataka angalau saa 4,600, na angalau nusu ya mafunzo iwe ya kliniki. Mahali popote penye mfumo wa saa, wiki sita za nje zisizosainiwa kwa namna inayokubalika ni saa utakazolazimika kuzirudia. Peleka daftari la kumbukumbu za mafunzo la chuo chako, usitegemee la wenyeji. Lisainiwe kila wiki. Msimamizi aliyekuwa mkarimu wodini anaweza kuwa likizoni siku yako ya mwisho.

Kwa kozi fupi, tafuta idadi ya krediti. Programu fupi za mchanganyiko za Erasmus+ zinatakiwa kutoa angalau krediti 3 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu masomo, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha kujisomea. Kozi inayotoa cheti cha kuhudhuria pekee, bila saa wala mtihani, itakaa vizuri kwenye wasifu wako na haitakuondolea somo lolote nyumbani.

Utafiti huhesabika vizuri pale chuo chako kinapodai tasnifu au mradi wa mwaka wa mwisho, ilimradi msimamizi wa nyumbani ameukubali mapema kwa maandishi. Huduma kwa jamii ndiyo ngumu kutambuliwa. Ikihesabiwa, huwa chini ya somo la afya ya jamii, na huhitaji ripoti. Njia yoyote utakayochagua, pata makubaliano ya mafunzo yaliyosainiwa na pande tatu, yaani wewe, chuo chako na mwenyeji, kabla ya kuondoka. Barua pepe ya "hakuna tatizo, tutaangalia ukirudi" haikulindi.

Wenyeji wanabaki na nini

Mwanafunzi mgeni ni kazi. Mtu anamwonyesha chumba cha kubadilishia nguo, anamtafsiria, anamsainia fomu, na wakati huo kuna mgonjwa au mwanafunzi wa hapo hapo anayesubiri. Mwaka 2010 kundi la wataalamu lilichapisha mwongozo wa maadili wa mafunzo ya afya ya kimataifa, unaojulikana kama WEIGHT, na ulichofanya vizuri ni kugawa wajibu: wa chuo kinachotuma, wa kinachopokea, wa mwanafunzi na wa mfadhili. Unasisitiza faida ya pande zote na kuhesabu gharama anazobeba mwenyeji.

Kwa kigezo hiki utafiti unaweza kuongoza, kama kipande chako kinakamilika na timu inaweza kukitumia bila wewe. Kinaweza pia kuwa cha mwisho, ukiacha faili ambalo hakuna anayelielewa. Wodini, ubadilishanaji wa kweli, ambapo wao nao wanatuma mwanafunzi kwenu, ni wa haki kuliko safari ya upande mmoja. Tazama pia kama kuja kwako kunamnyima mwanafunzi mwenyeji nafasi ya kushika kisu au kumpokea mtoto. Ukiona hivyo, rudi nyuma hatua moja bila kuambiwa. Kozi fupi haiwaelemei wagonjwa hata kidogo, na hilo ni sifa ambayo haisemwi vya kutosha.

Huduma kwa jamii inapimwa na siku inayofuata baada ya msafara kuondoka. Uliyempima ukamkuta na shinikizo la 180 kwa 110 anakwenda wapi kesho? Kama ipo kliniki ya jirani inayojua mlikuja, ina jina lake kwenye daftari na ina dawa, mmefanya kazi. Kama hakuna, mmempa mtu hofu na kipande cha karatasi. Kuhusu picha, usimpige mgonjwa picha ya kuweka mtandaoni, hata akitabasamu. Ungeweza kumpiga nyumbani kwenu? Basi jibu ni lile lile.

Nani anafaa wapi

Wodini panamfaa aliye katika miaka ya kliniki, mwenye stadi za msingi, anayejua lugha ya mgonjwa au yuko tayari kuchagua idara isiyoitegemea sana, na mwenye miezi minane au zaidi ya kujiandaa. Panamfaa zaidi anayefikiria utaalamu fulani na anataka kuuona ukifanywa kwa mfumo tofauti. Hapamfai asiyevumilia kutazama.

Utafiti unamfaa mwenye subira na kazi ya mezani, mwenye mradi wa chuo unaomsubiri, na yule ambaye viza au usajili unamzuia kumgusa mgonjwa. Wanafunzi wa maabara na famasia mara nyingi hupata nafasi nzuri zaidi hapa kuliko popote. Unamtesa mtu anayepata nguvu kwa kuzungumza na wagonjwa.

Kozi fupi inamfaa wa miaka ya mwanzo, anayesafiri kwa mara ya kwanza, mwenye likizo fupi, au mwenye majukumu ya familia yasiyomruhusu kukaa mbali miezi miwili. Inamfaa pia anayetaka kupima kama kusoma nje kunamfaa kabla ya kuomba safari ndefu.

Huduma kwa jamii inamfaa anayelenga afya ya jamii, uuguzi wa jamii, lishe au afya ya kinywa, aliyepata shirika lenye mwenyeji wa kudumu na wasimamizi waliosajiliwa. Anafaa zaidi anayejua lugha ya pale. Mtu anayetaka kuhesabu stadi alizofanya kwa mikono yake asije huku.

Kwa hali yako

Kama uko mwaka wa kwanza au wa pili na likizo ni mwezi mmoja, anza na kozi fupi yenye krediti. Ukipata ubadilishanaji wa utafiti unaokubali wanafunzi wa miaka ya mwanzo, upime kwa ubora wa msimamizi: je, ana saa maalumu za kukutana nawe kila wiki, na amekuandikia kazi yenyewe ni ipi?

Kama uko miaka ya kliniki na una mwaka mzima mbele, anza chanjo leo, hata kabla hujajua unakwenda wapi, kisha tafuta nafasi wodini. Ukiambiwa utatazama tu, amua kwa uaminifu kama wiki nne za kutazama zinakutosha. Zikikutosha, andika maswali kumi ya kutazamia na uende. Zisipokutosha, mafunzo ya hiari katika hospitali ya nchi yako yenye idara hiyo yanaweza kukupa mikono zaidi.

Kama ni mwanafunzi wa uuguzi au ukunga na saa zako zinabana, usisaini popote kabla mratibu wa kliniki wa chuo chako hajaandika kwamba saa zitahesabiwa. Akikataa, chagua kozi fupi wakati wa likizo na ubakize saa zako salama.

Kama fedha ndiyo kikwazo, tazama kwanza ubadilishanaji wa vyama vya wanafunzi na makubaliano ya chuo chako, kisha utafiti wenye posho. Safari ya huduma ya kulipia iwe ya mwisho kwenye orodha.

Kama una ugonjwa wa kudumu, ujauzito au dawa zinazoshusha kinga, zungumza na daktari wako kuhusu idara kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote. Utafiti wa takwimu na kozi fupi vinakuacha na nafasi ya kuchagua mazingira. Wodi za kifua kikuu na kliniki tembezi hazikuachii nafasi hiyo kwa urahisi.

Kama moyo wako uko kwa jamii na umeshapata shirika, waandikie kabla ya kulipa na uwaulize mambo matatu: nani anasimamia wanafunzi na amesajiliwa wapi, mgonjwa anayehitaji kuendelea na matibabu anapelekwa kituo gani, na wenyeji waliombaje msafara huu. Wakikujibu kwa majina ya vyeo, kituo na tarehe, endelea na maombi. Wakikutumia picha za watoto wanaocheka, tafuta shirika jingine.